Jinsi ya kupiga picha za ndani ya nyumba zitoke kama unavyokiona chumba mwenyewe

Umepanga sebule yako vizuri, mapazia umeyachagua kwa makini, mito imekaa, ukutani kumependeza, ukiingia mwenyewe roho inatulia, afu unatoa simu unapiga picha na kinachotoka ni chumba kidogo cha njano, kuta zimelala, dirisha ni jeupe tupu kama limefutwa na raba, na ule uzuri hauonekani popote. Hapo wengi wanaanza kuilaumu simu na kutafuta kamera ya kununua. Aisee simu mara nyingi haina kosa. Shida ni kwamba jicho linasamehe sana na kamera haisamehi kitu. Ukiwa chumbani jicho linazunguka, linajirekebisha likitoka dirishani kwenda kwenye kona yenye giza, ubongo unajua ukuta ni mweupe hata kama taa ni ya njano, na ule waya wa chaja pale chini ushauzoea huuoni tena. Kamera inachukua vyote mara moja, kutoka sehemu moja, kama vilivyo. Kwa hiyo kujifunza picha za ndani ni kujifunza kuifanyia kamera ile kazi ambayo jicho lako huwa linaifanya bila kukuambia, na sehemu kubwa ya hiyo kazi inafanyika kabla hujabonyeza chochote.

Zima taa

Hii watu wanabisha mpaka waone wenyewe. Fungua mapazia, zima taa zote za chumbani, hata ile nzuri ya pembeni unayoipenda, afu piga. Sababu ni kwamba mwanga una rangi na rangi yake inapimwa kwa Kelvin, mwanga wa mchana unaoingia dirishani upo kwenye 5000 mpaka 6500 hivi, ukiwa wa kivulini unaweza kupanda zaidi ya hapo, wakati balbu ya njano ya kawaida ni 2700. Kamera inaweza kuchagua mmoja tu kwamba huyu ndo mweupe. Ikichagua wa dirishani basi taa inatoka chungwa na ukuta ulio karibu nayo unachafuka, ikichagua wa taa basi upande wa dirisha unakuwa wa bluu kama friji. Na ukishachanganya hivyo kwenye picha moja kuja kutenganisha wakati wa kuediti ni kazi ya kukesha, bora uizuie mapema kwa kubonyeza swichi.

Kama taa yenyewe ndo mapambo unayotaka kuyaonyesha basi subiri jioni giza linapoanza kuingia, dirisha likiwa na mwanga mdogo wa bluu na taa inawaka, hapo vinaweza kukaa pamoja vizuri tu. Au usiku kabisa, ila hakikisha balbu zote chumbani ni za rangi moja, maana nyumba nyingi zina balbu ya njano hapa na nyeupe kali pale na hakuna aliyejali mpaka siku ya picha. Na ukiona michirizi myeusi inapita kwenye picha au kwenye skrini, hiyo ni taa ya LED inawaka na kufifia haraka kuliko jicho linavyoweza kufuata, weka shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) kwenye 1/50 au 1/100 ya sekunde kama umeme wako ni wa 50Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, au 1/60 na 1/120 kama ni wa 60Hz, michirizi inaondoka au inapungua sana.

Sasa mwanga wa dirishani wenyewe nao una tabia zake. Jua likipiga moja kwa moja ndani linaacha mabaka makali sakafuni ambayo kamera haiyawezi, sehemu moja inaungua nyingine inakuwa shimo, kwa hiyo subiri jua lihamie upande mwingine wa nyumba au shusha pazia lile jepesi linalopitisha mwanga. Siku ya mawingu ambayo watu wanasema haifai kwa picha, kwa picha za ndani ni siku nzuri mno, mawingu yanausambaza mwanga unaingia umelainika.

Afu angalia unatokea wapi. Mi napenda dirisha liwe ubavuni, kushoto au kulia kwa mpiga picha, kwa sababu mwanga wa pembeni ndo unaoonyesha kitu kina nini juu yake, nyuzi za kapeti, mikunjo ya pazia, mto uliofumwa, ukuta wenye mparuzo. Dirisha likiwa nyuma yako kila kitu kinaonekana lakini kimelala bapa, hakina uhai. Likiwa mbele yako vitu vinageuka vivuli na kamera inachanganyikiwa. Upande ule wa mbali na dirisha ukiwa mweusi sana usiwashe taa, simamisha ubao mweupe au ning'iniza shuka jeupe nje kidogo ya picha upande wa kivuli, mwanga unagonga pale unarudi. Ni kitu cha kawaida kabisa na wapiga picha wa kulipwa wanafanya hivyohivyo kila siku.

Kitu kingine ambacho kinawasumbua watu bila kujua kimetoka wapi: rangi inaruka. Ukuta wa kijani ukipigwa na mwanga unatupa ukijani kwenye kochi jeupe lililo karibu, sakafu ya mbao nyekundu inatupa wekundu kwenye dari, hata majani ya mti ulio nje ya dirisha yanaingiza kijani ndani. Jicho linavumilia, kamera inakuletea kochi la kijani. Hapo jaribu saa tofauti, au sogeza kitu kidogo mbali na ukuta.

Flashi ya simu sahau kabisa kwenye hii kazi. Kama una kamera yenye flashi ya kuchomeka juu, igeuze iangalie dari nyeupe au ukuta mweupe ulio nyuma yako, isipige chumba uso kwa uso. Dari ikiwa na rangi, basi rangi hiyo utaikuta kwenye kila kitu.

Simamisha kuta

Ukitaka kujua picha ya mtu anayejifunza na ya mtu anayejua, usiangalie kamera aliyotumia, angalia kuta na fremu za milango kama zimesimama wima. Ukiinamisha simu iangalie juu kidogo, kuta zinaegemeana kule juu kama zinataka kuangukiana, ukiinamisha iangalie chini zinafunguka kama sahani. Simu ikiwa wima kabisa, haiangalii juu wala chini, mistari inasimama. Kwa hiyo washa gridi kwenye mipangilio ya kamera, chukua mstari mmoja wa gridi uufananishe na ukingo wa mlango au kabati, ukipishana rekebisha mkono.

Halafu linakuja swali, sasa nikiwa nimesimama na simu iko wima, naona dari tele na kochi nusu, nifanyeje? Shuka wewe na simu yako, usiinamishe simu. Watu wengi wanapiga kutoka usawa wa macho kwa sababu ndo wanavyosimama, lakini kwa sebule usawa huo ni juu mno, unaangalia vitu utosini. Sebule inapendeza kuanzia kama mita 1 mpaka 1.2 kutoka sakafuni, chumba cha kulala hapohapo au chini kidogo ili mradi simu iwe juu kuliko godoro na uone kitanda kimetandikwa vipi, jikoni panda kidogo mpaka uone juu ya kaunta maana ukiwa usawa wake inabaki mstari tu na vitu vilivyo juu yake vinaonekana vinaelea. Hizi namba usizishike kama sheria, cheki tu kwamba huoni uvungu wa meza na huoni dari kuliko sakafu.

Kuna engo mbili kubwa, ya kuangalia ukuta moja kwa moja na ya kusimama kwenye kona ukaangalia kona ya mbele yako. Ya kona inaonyesha ukubwa wa chumba na madalali wa nyumba wanaipenda, kwa mapambo mimi naipenda zaidi ile ya moja kwa moja, inatulia, inafanya kochi na picha za ukutani na taa vionekane vimepangwa kwa makusudi. Ila inataka umakini, ukiwa umepinda kidogo tu upande mmoja, mstari wa chini wa ukuta unapanda na mtu anaona kuna kitu hakiko sawa hata kama hajui ni nini. Jipange katikati, pima mkono wa kushoto na wa kulia kwenye skrini, ndo ubonyeze.

Achana na 0.5

Najua kinachowavuta watu kwenye ile lenzi pana ya simu iliyoandikwa 0.5, chumba kidogo kinageuka ukumbi. Lakini angalia pembeni ya hiyo picha, mkono wa kochi umevutika kama ulimbo, chungu cha duara kimekuwa yai, kapeti imekuwa uwanja. Anayeuza nyumba labda atasamehewa, wewe unaonyesha mapambo, na mapambo ni maumbo, ukiyavuruga maumbo umebaki na nini?

Tumia 1x ambayo kwenye simu nyingi ni sawa na lenzi ya milimita 24 hadi 28 ya kamera kubwa, na kama una nafasi rudi nyuma utumie 2x. Kinachobadilisha ukubwa wa vitu kwa kulinganisha kimoja na kingine ni umbali uliosimama, ukisogea karibu sana cha mbele kinakuwa jitu na cha nyuma kinakimbia, ukirudi nyuma vinakaribiana na chumba kinaonekana kimejaa na kina joto. Kwa hiyo toka nje ya chumba, simama koridoni piga kupitia mlangoni, simama kwenye balkoni piga kuingia ndani, jibane ukutani. Wenye kamera, ikiwa ya sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) lenzi ya milimita 24 mpaka 35 inatosha kwa chumba kizima, ya sensa ndogo aina ya APS-C ambayo inazidisha kwa kama 1.5 basi 16 mpaka 24 ni hiyohiyo, na 50 mpaka 85 ni kwa vitu vidogo vidogo.

Panga kwa ajili ya kamera

Chumba kilichopangwa kukaa watu na chumba kilichopangwa kupigwa picha ni vitu viwili, na hakuna dhambi kusogeza vitu kwa muda. Kwenye picha nafasi kati ya vitu inaonekana kubwa kuliko ilivyo, hivyo meza ya katikati ambayo kimaisha inataka umbali wa kupitisha magoti, kwenye picha inaonekana imefukuzwa, isogeze karibu na kochi. Kiti kinachotazama kamera kwa mgongo kigeuze kidogo. Kama kiti au mmea unaziba kitu muhimu kilicho nyuma, hamisha sentimita chache, usihame wewe kwanza.

Njia ninayoiamini ni hii: weka simu kwenye stendi ya miguu mitatu, hata ile ndogo ya kawaida, au ibane juu ya kitu chochote kilichotulia, piga picha ya majaribio afu kaa chini uiangalie kwenye skrini, usiangalie chumba. Chumbani huwezi kuona uchafu wako mwenyewe lakini kwenye skrini unaruka. Ukitaka ujanja zaidi igeuze picha kushoto iwe kulia, au iondoe rangi iwe nyeusi na nyeupe, macho yanaacha kuitambua kama kwako na ghafla unaona rimoti, waya, boksi la tishu, dumu nyuma ya mlango, mto mmoja umepinda, zulia lina kona imekunjika. Rekebisha kimoja, piga tena, angalia tena. Kwa kuwa simu haijatoka pale ilipo unaweza kulinganisha picha na picha.

Kinachoondolewa huwa ni kingi kuliko kinachoongezwa. Rafu yenye vitu kumi na mbili nyumbani inapendeza, kwenye picha ni fujo, toa nusu. Pasi mapazia na shuka, mikunjo inaonekana vibaya mno na kuiondoa kwenye kuediti ni mateso. Bafuni funga kifuniko cha choo, toa dawa za meno na ndoo. Sitaki kusema nyumba ionekane haina mtu, kitabu kilichofunguliwa au blanketi lililotupwa mkononi mwa kochi linasaidia, ila liwe umelitupa wewe kwa ajili ya picha, sio lililobaki tangu juzi.

Vioo na tivii vinahitaji jicho la peke yake. Mwanga unaondoka kwenye kioo kwa pembe ileile ulioingilia, hivyo ukiwa umesimama mbele yake utajiona na ukisogea pembeni utaona ukuta wa pembeni, chagua unataka kioo kionyeshe nini, dirisha au mmea, usiache kionyeshe mlango wa choo. Ukikosa namna weka taima, bonyeza, kimbia. Stendi itabaki inaonekana lakini hiyo ni ndogo kuifuta. Wenye kamera wanaweza kufunga filta ya polaraiza mbele ya lenzi, unaizungusha mpaka mng'ao wa meza na sakafu unapungua na rangi ya mbao inarudi, ila kwenye vioo vya kujitazamia na vyuma usitegemee, haisaidii.

Kubonyeza kwenyewe

Hapa ni pafupi. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini, alama za vidole ndo zinaleta ule ukungu kwenye madirisha. Gusa skrini sehemu ya mwanga wa kati na ushikilie mpaka fokasi ijifunge, afu shusha mwanga kidogo, kwa sababu giza unaweza kuliinua baadaye lakini dirisha lililoungua halirudi. Tumia taima ya sekunde 2 au 3 ili kidole kisitikise simu. Kwenye kamera ni ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, apecha (tundu la lenzi, namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa) f/8 ili mbele na nyuma vyote viwe vikali, na shata iwe ndefu itakavyo, nusu sekunde, sekunde nzima, upo kwenye stendi hakuna kinachotikisika labda feni na pazia, feni izime.

Dirisha likiwa linawaka sana kuliko chumba, piga picha tatu bila kugusa kamera, moja ya kawaida, moja chini kwa stopu 2, moja juu kwa stopu 2 (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu yake), afu ziunganishe kwenye programu. Simu nyingi za sasa zinafanya hivyo zenyewe kwa HDR. Ila usipitilize. Kuna zile picha ambazo nje kunaonekana kila jani na ndani hakuna kivuli hata kimoja, kila kitu kinang'aa kijivujivu, hazidanganyi mtu. Dirisha likizidi mwanga kidogo ni sawa tu, ndo lilivyo.

Usiishie kwenye picha ya chumba kizima. Piga moja au mbili za mbali, afu sogea, piga kochi na meza tu, piga kona ya kusomea, afu sogea tena kabisa, mshono wa mto, kitasa, chungu na kivuli chake ukutani. Hizi za karibu ndo watu wanasimama kuziangalia, na ndo zinazoeleza umechagua nini na kwa nini, halafu ni rahisi kuliko chumba kizima maana unahitaji kusafisha eneo dogo tu. Kwenye simu tumia 2x au 3x, kwenye kamera fungua apecha mpaka f/2.8 nyuma kulainike. Ile modi ya simu ya kufifisha nyuma kwa programu uwe makini nayo, imefundishwa zaidi kwa watu, kwenye majani na miguu ya viti inakata vibaya.

Kuediti

Programu ya Snapseed au Lightroom ya simu inatosha. Anza kwa kunyoosha mistari kwanza kabla ya rangi, na ukumbuke kunyoosha kunakata pembeni, ndo maana wakati wa kupiga uache nafasi kidogo kuzunguka. Pili tafuta kitu unachojua ni cheupe kwelikweli, shuka au fremu ya dirisha, urekebishe rangi ya mwanga mpaka kiwe cheupe. Tatu inua vivuli kidogo, shusha sehemu za mwanga mkali kidogo. Kama ukuta mweupe bado una unjano, punguza nguvu ya rangi ya njano peke yake usiguse zingine.

Kile kitelezi cha kuongeza rangi kwa picha nzima mi nasema kiache. Mtu akiona picha yako akaenda kununua rangi ya ukuta kama yako akakuta siyo, utakuwa umempotosha. Kwa Instagram kata 4:5, yaani 1080 kwa 1350, inachukua nafasi kubwa ya skrini kuliko mraba, na kama unajua unaenda huko basi piga wima tangu mwanzo.

Mazoezi

Chagua kona moja tu ya nyumba, weka simu sehemu moja, weka alama sakafuni miguu ya stendi ilipo, piga asubuhi, mchana, alasiri, jioni, bila kubadilisha kitu. Ziweke pamoja uziangalie. Utajua saa ya hiyo kona, na kila chumba kina saa yake.

Zoezi la pili ni kusoma picha za wengine. Ukiona picha ya ndani imekukamata, usiishie kuipenda, ichunguze imepigwaje. Angalia vivuli vinaelekea wapi, vikielekea kulia dirisha liko kushoto, kingo za kivuli zikiwa laini mwanga ulipitia pazia au mawingu. Kujua kamera ilikuwa juu kiasi gani tafuta rafu au ukingo wa kitu unaokuja kuelekea kwako lakini kwenye picha haupandi wala haushuki, vilivyo juu ya hapo vinashuka vikienda mbali, vilivyo chini vinapanda, basi kamera ilikuwa usawa huohuo. Mara nyingi utakuta ni chini kuliko ulivyodhani, kama usawa wa kitovu au chini ya hapo. Chukua hiyo picha, weka simu yako urefu huo, dirisha upande huo, ujaribu kwenye chumba chako.